Beji Ililala Wapi?

Haya, sogea karibu nikutegee. Kuna mgeni hapigi hodi wala hana kivuli. Ukimwekea kahawa hanywi, ukimfukuza hasikii. Ukuta kwake ni mlango. Anaingia ndani yako anakaa, na hujui kama alikuja mpaka ameshakwenda na kitu chako. Nani huyo?

Usiniambie shetani. Shetani ana harufu zake na nyimbo zake. Usiniambie mauti, kwani mauti hayana sanduku lake, na huyu mgeni analo, limetengenezwa kwa risasi, yale madini, zito hata wanaume wawili wakilibeba wanatembea kama kaa. Wewe fikiri, mie nakuhadithia.

Kitendawili hiki si changu. Alinitegea mwanangu Hamed, tuko Nizwa, mwaka wa themanini na nne. Ilikuwa baada ya alasiri, mie nimekaa uani namenya vitunguu, yeye ametoka kazini, miguu ameitia kwenye beseni la maji. Mimi ndiye mwenye vitendawili katika nyumba ile, tangu tuko Unguja, mtaa wa Malindi, na wanangu wote nimewala miji yao. Siku ile nikashindwa.

"Umeshindwa, Mama. Nipe mji."

"Nakupa Sur."

"Sur nimekwenda, nimekula papa nimeshiba. Watu wakaniuliza, mama yako hajambo? Nikawaambia hajambo, ila akili imebaki kwenye meli. Nipe mji mwingine, huo mdogo."

"Chukua Ibra."

"Ibra kwao Sleyum wa kazini kwetu, nikienda watanilisha mpaka nife. Nipe Unguja."

"Unguja sikupi! Hata ukinitegea mpaka Sikukuu. Tegua mwenyewe."

Akacheka, akatikisa kichwa. "Sitegui, Mama. Nimetia saini."

Mkewe Fakhriya alikuwa anapita na mtoto kiunoni, Thuraya, ndo kwanza anaota meno. Akasema, "Kwa Wazungu ametia saini asiseme. Na kwangu mie atie saini aseme, walau siku moja, kwamba mchuzi ulikuwa na chumvi ya kutosha."

Ndivyo tulivyokuwa. Tulicheka.

Sasa kazi yenyewe. Kampuni ile ilikuwa ya Ulaya, na kwao ilikuwa inatengeneza vitu vya vita vya atomiki: mitambo ya nyambizi, na sijui vichwa vya makombora. Hayo nimeyajua baadaye. Huku kwetu ilichukua kazi ndogo tu, nje ya Izki, ya kuyapiga picha matangi na mabomba ya mafuta ya jeshi, kutazama kama pale chuma kilipounganishwa kwa moto kuna ufa ndani. Na chuma hakipigwi picha kwa taa. Kinapigwa kwa kidonge. Kidonge kinakaa ndani ya lile sanduku la risasi, kimefungwa kwenye waya mrefu. Sleyum anasimama mbali, anazungusha mkono wa waya, kidonge kinatoka, kinapiga picha yake, kisha Sleyum anakizungusha kurudi ndani. Hapo tena Hamed ndiye anayekwenda kwenye bomba kutoa filamu. Ukiona, roho ya Hamed ilikuwa kwenye mkono wa Sleyum.

Na wote wawili walivaa beji kifuani. Kijidude cha plastiki, kadiri ya kiberiti, ndani yake kijifilamu. Nje limeandikwa jina la mwenyewe kwa herufi za Kizungu, na alama ya manjano kama feni ya mabawa matatu. Kila mwezi filamu zile zinapelekwa Ulaya kusafishwa. Ikiwa nyeupe, mtu yu salama. Ikiwa nyeusi, kidonge kimempata. Na sheria ilikuwa moja: asubuhi unaitoa beji kwenye ubao wa ofisi, jioni unairudisha ubaoni. Beji ikitoka getini, na wewe unatoka kazini.

Lakini nyumbani hatukuambiwa hata neno moja. Saini!

Basi Sikukuu ya mfunguo mosi ikaja. Na hapa lazima nikueleze kitu. Sisi tuliorudi Oman miaka ya sabini, wengine Nizwa walitupokea kama ndugu, wengine walitupokea kama mzigo uliokosea bandari. Kiarabu chetu kilikuwa kinachechemea. Sikukuu ya mwaka uliotangulia, Hamed amekaa kwenye sabla, ule ukumbi wa wanaume, mzee mmoja akamwuliza mbele ya watu, "Ewe Zinjibari, kazi yako nini? Unauza karafuu?" Watu wakacheka. Hamed naye akacheka, lakini alirudi nyumbani akala chakula bila kukitazama.

Kwa hiyo mwaka ule wa pili, mkesha wa Sikukuu, alitoka getini na beji mfukoni. Akaibana kwenye dishdasha yake mpya, ile kanzu ya Kiomani, upande wa kifua, pembeni ya kile kishada cha shingoni, tayari kwa asubuhi. Akamwita mkewe akamwonyesha. "Usiitoe hapo," akamwambia. "Kesho waache wasome." Asubuhi akatoka kama bwana harusi, ananukia udi mpaka mlango wa msikiti. Na wallahi walisoma! Yule mzee aliisogelea beji kwa pua kabisa, akauliza nini hii. Hamed akamjibu kwa Kiarabu kilichonyooka kama rula, "Siri ya kazi, ami yangu."

Sikukuu ilipokwisha, akairudisha beji ubaoni kabla ofisi haijajaa watu. Hakuna aliyeona.

Mwezi wa pili yake ndipo mambo yalipoharibika. Siku hiyo Hamed alirudi mapema, jua bado kali. Hakuvua viatu mlangoni, alivivulia barabarani. Thuraya akamtambalia, akanyoosha mikono abebwe. Hamed akarudi nyuma kama mtu aliyeona nyoka. "Mchukue," akamwambia Fakhriya. "Mchukue nimesema!"

Tangu siku hiyo akahamia kwenye chumba cha wageni. Akawa na kikombe chake na sahani yake, anaviosha mwenyewe. Kwenye falaj, ule mfereji wa maji wa mji, alikuwa anakwenda kuoga chini kabisa, pale maji yanapoingia mashambani, baada ya watu wote. Hakwenda kazini na hakusema kwa nini. Mkono wenye plasta pale alipotolewa damu akauficha ndani ya mkono wa kanzu.

Fakhriya alistahamili, alistahamili, kisha akaja jikoni akasimama mbele yangu.

"Mama, mwanao ana mke Sur."

"Nani kakwambia?"

"Kikombe. Mwanamume anayetenga kikombe chake ana kikombe kingine kwingine."

"Astaghfirullah, Fakhriya."

"Basi ana nini? Mtoto anamlilia, anakimbia. Mimi nikiingia na chai ananiambia weka mlangoni. Mie ukoma? Au yeye ukoma? Mmoja wetu aseme!" Akaupiga mwiko kwenye sufuria hata mchuzi ukaruka. "Mie simwulizi tena. Akinitaka ataniuliza yeye."

Na kweli, akafunga mdomo. Fakhriya akifunga mdomo, nyumba nzima unaisikia.

Mie nikenda kwa Hamed. Nikamkuta amekaa chini, ana kitana mkononi, anakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa anatafuta nywele zilizong'oka.

"Nimekuja kuutoa mji," nikamwambia. "Chukua Unguja. Chukua na Malindi yote, na msikiti, na baraza letu. Nimeshindwa. Tegua."

Akautazama kwanza mlango. Kisha akasema, "Mionzi, Mama. Mgeni ni mionzi."

Ndipo aliponieleza haya yote niliyokueleza wewe, kidonge, waya, filamu. Ulaya wamepiga simu. Beji yake imetoka nyeusi, nyeusi tii, kupita kiasi cha kusomeka. Injinia wake, Mzungu mmoja jina lake Dening, amemtoa kazini, wamemtoa damu, imekwenda Maskati, majibu bado.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote. Ndiyo vile inavyofanya. Kwanza huumwi." Akakiweka kitana chini taratibu. "Dening aliniuliza swali moja tu. Beji ililala wapi? Kila siku, jioni, ililala wapi? Nikamwambia ubaoni."

Nikamtazama. Naye akajua ninachokifikiri.

"Mama, usiseme."

"Sikukuu ilikuwa hapa."

"Usiseme nimekwambia! Nikisema ililala nyumbani, kazi imekwisha." Sauti ikamshuka. "Na kama kilichoichoma kilikuwa nguoni mwangu, basi nimekileta hapa ndani, Mama. Kwa Thuraya. Bora niwe nimeungulia kule kule peke yangu."

"Na Sleyum je?"

Akakichukua tena kitana, akanigeuzia mgongo. Kwani mtoto wangu si mjinga. Kama beji ililala ubaoni kila siku, basi ameungulia kazini. Na kama ameungulia kazini, basi Sleyum hakukirudisha kidonge ndani ya sanduku, na Hamed akakiendea kwa miguu yake.

Nikatoka mle ndani. Usiku wangu na mchana wangu vikawa kitu kimoja. Nikisikia anakohoa nasema ndiyo hiyo. Akinyamaza nasema ndiyo hiyo. Nilikuwa namtazama mwanangu akila kupitia upenyo wa mlango, nahesabu matonge kama alipokuwa mdogo ana surua. Na Fakhriya upande wa pili anapika, anafua, anafukiza, kimya. Nilitaka kumwambia. Lakini Hamed alikuwa ameniapisha.

Sleyum alikuja asubuhi moja. Alikuwa kijana mrefu, kofia imekaa upande, amezaliwa Bujumbura, Kiswahili chake cha bara kina Kizungu ndani kama zabibu kwenye pilau. Siku zote alikuwa anaingia kwa kelele. Siku hiyo alisimama mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, mbona umesimama kama mdai?"

Akaingia kwenye chumba cha wageni. Mie nikabaki kizingitini, sikuona haya. Hamed alimwashiria akae mbali, Sleyum akakaa karibu.

"Bradha, mimi kazini wamenipa mpaka Alhamisi tu. Baada ya hapo nirudi Ibra, halafu kuna polisi watataka kuongea na mimi. Mzee wangu ameshaanza kuwaambia watu nimekuja likizo."

Hamed anatazama mkeka.

"Nimefikiria kila siku tuliyofanya kazi. Kila picha. Nilizungusha mpaka mwisho, nikasikia kile chuma kimegonga ndani ya boksi. Kile kidude cha kulia, kile kinachopima, kilinyamaza. Wewe mwenyewe si ulikuwa unasema, sasa kimya, naenda? Si ulikuwa unasema?"

"Nilikuwa nasema."

"Basi kilitoka saa ngapi?" Sauti ikamkatika. "Sikuja kugombana, Hamed. Sikuja kwa ajili ya kazi. Nimekuja kukutazama. Kama nimekuua, nataka nijue nimekuua siku gani, ili nijue pa kuanzia kuomba msamaha."

Basi Hamed akaanza kulia. Mwanangu mtu mzima, ana ndevu, analia kwa sauti. "Beji ilikuja hapa," akasema. "Sikukuu. Niliivaa. Sleyum, haikuwa ubaoni."

Sleyum akavua kofia, akaivaa tena.

"Uliivaa wapi?"

"Kwenye sabla."

"Yaani mimi sili, silali, nyumbani wananisomea Yasin kama maiti, na wewe ulikuwa umeivaa kama medali?" Akasimama. Nikadhani atampiga, nami nisingemzuia. Kisha akamshika Hamed bega, akalikamata kwa nguvu, yule ambaye hakuna aliyemgusa tangu mwezi ule. "Mwehu mkubwa wewe. Namwita Dening. Ukae hapa hapa, usitie mguu nje."

Dening alifika alasiri. Alikuwa mtu mwembamba, amebabuka pua kwa jua, na alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, hilo nilimhesabia. Kiarabu chake kilikuwa cha sokoni, bei gani na asante, kwa hiyo Sleyum ndiye aliyekuwa anafasiri, na alifasiri kwa Kiswahili ili na mie nisikie. Fakhriya alikuwa nyuma ya pazia la ndani na Thuraya. Mara ya kwanza tangu yaanze, alikuwa anasikia.

Hamed alimwambia yote, amesimama kama mwanafunzi. Dening akamsikiliza mpaka mwisho.

"Anasema," Sleyum akafasiri, "kazi yako imekwisha. Si kwa kuungua. Kwa ubao."

"Mwambie najua."

"Anasema hilo tuliweke kando, sasa tutafute uhai wako."

Akafungua begi lake akatoa kile kidude cha kulia. Kinalia tik, kinatulia, tik, kinatulia. Akasema hivyo ndivyo kinavyolia popote duniani, hata jangwani, tusiogope mpaka kikilia kama mvua ya mawe. Akakipitisha chumba cha wageni. Tik. Tik. Akakipitisha kwenye viatu vya Hamed, kwenye kitana, kwenye godoro. Akaomba ile dishdasha ya Sikukuu, nikamtolea sandukuni. Kidude hakikubadili neno.

Kisha akauliza kwa haya kama anaweza kumpima mtoto. Fakhriya akatoka nyuma ya pazia amejitanda mtandio mpaka machoni, Thuraya amemkumbatia hata mtoto anaguta. Dening akakinyoosha kidude kwenye kifua cha mtoto. Mie nilikuwa nimeshika ukuta. Thuraya akakikamata, akataka kukitia mdomoni.

Tik. Kimya. Tik.

Hamed akateleza ukutani akakaa chini.

"Nyumba haina kitu," Sleyum akafasiri. "Lakini anasema, hilo halimsafishi Hamed. Mionzi ikishapita haibaki kwenye nguo. Inaweza kuwa ilimpiga kazini ikaenda zake. Beji ndiyo shahidi, na shahidi anasema nyeusi."

Fakhriya akarudi nyuma ya pazia. Nikamsikia jikoni anagonga vyombo. Mgeni ni mgeni, na kahawa na halua vilishaliwa.

Dening akakaa mkao wa kula, akajipangusa jasho. Akasema maneno marefu, na Sleyum akayaleta taratibu. "Anasema filamu hii ina maadui wawili. Mmoja ni kidonge. Wa pili ni joto. Joto kali, la muda mrefu, linaitia weusi vile vile. Kule Ulaya waliona weusi wa beji hii umeenea sawasawa kama mkeka, wakasema unafanana na joto. Lakini Hamed aliapa haikutoka ubaoni, na ofisini kuna ekondishan. Ndio maana walisema kidonge. Sasa anauliza tena lile swali. Mkesha ule, beji ililala wapi?"

"Kwenye dishdasha," akasema Hamed. "Chumbani."

"Juani? Karibu na jiko?"

"Hapana. Nilikwenda kulala, asubuhi nikaikuta imetundikwa ukutani, safi, nikavaa."

Dening akatikisa kichwa. Chumba hakifanyi hivi, akasema. Hata chumba cha Oman. Akaanza kukirudisha kidude chake kwenye begi, na nilimwona usoni anatafuta maneno. Sleyum akayafasiri akiwa amempa Hamed kisogo, hakuweza kumtazama. "Anasema basi tukubali ni kidonge. Kuna ndege keshokutwa. Atakupeleka hospitali ya kwao. Na mimi... mimi nitasubiri hapa."

Kidude ndani ya begi hakijazimwa, kinalia peke yake. Mie nilikuwa namwangalia mwanangu, na nilikuwa nimeshaanza kumuaga.

Pazia likafunguka. Kwetu mgeni haagwi bila udi. Fakhriya akatoka na chetezo mkononi, makaa mekundu, moshi unapanda, akakiinamisha mbele ya Dening kama desturi. Mzungu wa watu hakujua la kufanya, akauweka uso wake juu ya moshi, akakohoa. Akakishika chetezo akisogeze, akaurudisha mkono haraka. Joto lilikuwa limemchoma vidole.

Akakitazama kile chetezo. Akamtazama Fakhriya. Akamwambia Sleyum neno moja.

Sleyum akageuka, na sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Shemeji, samahani. Ile dishdasha ya Sikukuu, na beji yake kifuani. Kabla ya kutundikwa ukutani. Ililala wapi?"

Fakhriya hakumjibu Sleyum. Alimgeukia mumewe, aliyekuwa chini ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kikombe akasema naye.

"Juu ya tenga la kufukizia nguo," akasema, "na chetezo hiki chini yake, tangu isha mpaka alfajiri, kila makaa yakififia naongeza mengine. Beji uliniambia nisiitoe, sikuitoa. Ningekwambia tangu zamani, Hamed. Hukuniuliza."